Skrubu Haijigeuzi: maneno kwa wenye baiskeli za milimani

Mabibi na mabwana, wapanda baiskeli wenzangu, na ninyi mafundi mlioacha kazi zenu mkaja kukaa viti vya nyuma, hamjambo.

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia cheni na gia za baiskeli ya milimani: zinapogoma, tunaanzia wapi? Nitaanza na lile ninaloliamini zaidi, ili hata atakayelazimika kutoka kabla sijamaliza aondoke nalo. Gia zikisumbua, wengi wetu hukimbilia bisibisi. Tunaiona direila, yaani ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni kutoka sproketi moja, yaani gurudumu la meno, hadi nyingine, nayo ina skrubu tatu zilizo wazi, na skrubu iliyo wazi inauita mkono. Tunageuza hii robo, ile nusu, tunarudi kwenye ya kwanza, na baada ya muda baiskeli iliyokuwa na kasoro moja ina kasoro nne. Sasa jiulizeni. Kama wiki iliyopita gia zilikuwa zinaingia vizuri na leo haziingii, kitu gani kimebadilika? Skrubu haijigeuzi. Ilipangwa siku baiskeli ilipofungwa, na mara nyingi sana bado iko palepale. Kilichobadilika ni kingine: cheni imelika, hanga, yaani kipande kinachoibeba direila, imepinda, waya umeingia tope, au kiungo kimoja kimekakamaa. Ukigeuza skrubu kabla hujajua ni kipi, umeuficha ugonjwa na umeongeza wa pili.

Kwa hiyo leo nitasema sana kuhusu kusikiliza na kutazama, na kidogo tu kuhusu kugeuza.

Tuanze na sauti, kwa sababu sauti ina hesabu. Kwenye baiskeli kila kitu kinazunguka kwa mwendo wake: krenki, yaani mkono unaobeba pedali, ina wake, gurudumu la nyuma lina wake, cheni nayo ina wake. Chukua baiskeli yenye sproketi ya mbele ya meno 32 na cheni ya viungo 126. Krenki ikizunguka mara moja inavuta viungo 32. Ili cheni nzima ipite na kurudi ilipoanzia, krenki inahitaji karibu mizunguko minne. Basi ukisikia "tak", kimya, kisha "tak" nyingine kila baada ya mizunguko minne hivi ya pedali, acha waya, acha skrubu. Kuna kiungo kimoja kwenye hiyo cheni kina tatizo, na kila kikipita kinakuambia.

Mlio ukija mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, toka kwenye cheni uende mbele: pedali yenyewe, krenki iliyolegea, bolti za sproketi ya mbele, au beringi zinazobeba mhimili wa krenki. Ukija mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu la nyuma, tafuta nyuma: jino lililopinda kwenye kaseti, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, spoku iliyolegea, kijiti kilichonasa. Kumbuka gurudumu na krenki haviendi sawa. Ukiwa na meno 32 mbele na 16 nyuma, gurudumu linazunguka mara mbili kila krenki inapozunguka mara moja, kwa hiyo milio miwili kwa mzunguko mmoja wa pedali inaashiria gurudumu. Badilisha gia usikilize tena. Mpangilio ukibadilika pamoja na gia, umeshapata jibu. Na kama ni mkwaruzo wa mfululizo usiokatika, cheni inasugua sproketi ya jirani. Hapo ndipo unapoanza kufikiria waya au hanga. Kama hakuna mpangilio wowote, ila cheni inaruka tu unapokanyaga kwa nguvu, fikiria meno yaliyolika.

Lakini chuma na alumini hubeba sauti mbali. Mlio wa nguzo ya kiti kavu isiyopakwa grisi unaweza kuusikia kana kwamba unatoka kwenye krenki, na nimeona watu wakivua krenki nzima kwa ajili yake. Kabla hujafungua chochote, simama juu ya pedali bila kugusa kiti. Mlio ukikoma, shida ni ya kiti. Kisha acha kukanyaga, baiskeli iserereke yenyewe. Mlio ukiendelea wakati pedali zimetulia, basi krenki na pedali hazina hatia. Majaribio haya mawili hayahitaji spana, na yanapunguza utafutaji kwa nusu.

Sasa tuje kwenye cheni yenyewe, na hapa nitakaa, maana ndipo mambo mengi yanapoanzia.

Fikirini mzigo inaobeba. Krenki ya milimita 175 ni wenzo. Sproketi ya meno 32 ina nusu kipenyo cha karibu milimita 65. Gawanya hizo mbili unapata 2.7. Maana yake ni kwamba mtu wa kilo 80 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali moja iliyo mlalo, cheni inavutwa kwa nguvu inayofanana na kuning'iniza zaidi ya kilo 200. Hapo hajavuta usukani, hajasukuma kwa hasira. Na nguvu yote hiyo inapita kwenye pini nyembamba na mabamba membamba, kwa sababu kadiri sproketi za nyuma zilivyoongezeka ndivyo cheni ilivyolazimika kupungua unene. Cheni ya gia 8 ina upana wa nje wa karibu milimita 7. Ya gia 12 ina zaidi kidogo ya milimita 5.

Cheni iliyonyooka inaustahimili mzigo huo vizuri. Kinachoiua ni kuvutwa ikiwa imepinda upande. Unapobadilisha gia katikati ya kilima huku umekanyaga kwa nguvu zote, cheni iko nusu kwenye sproketi moja na nusu kwenye nyingine, na bamba la nje linachomolewa kwenye pini yake. Huenda haitakatika siku hiyo. Itakatika baadaye, siku nyingine, mahali ambapo hukufanya kosa lolote. Badilisha gia kabla kilima hakijakubana, na wakati wa kubadilisha punguza nguvu ya miguu kwa nusu mzunguko. Ukizoea, cheni zako zitadumu kuliko za mtu anayenunua cheni bora kuliko zako.

Mtasikia watu wakisema cheni imevutika. Mabamba hayavutiki. Kinachotokea ni kwamba pini inalika pale inapozunguka ndani ya bamba la ndani, kila kiungo kinapata nafasi ndogo ya kuchezacheza, na nafasi hizo zikijumlishwa cheni nzima inakuwa ndefu. Umbali kati ya pini na pini kwenye cheni mpya ni nusu inchi kamili, milimita 12.7. Hesabu viungo 24 kwa rula, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, cheni ikiwa imekazwa: lazima upate inchi 12, yaani milimita 304.8. Ukikuta pini ya mwisho imepita alama ya inchi 12 kwa 1/16 ya inchi, cheni imelika kwa takriban asilimia 0.5. Kwa mfumo wa gia 11 au 12, huo ndio wakati wa kuibadilisha. Kwa gia 10 kushuka chini unaweza kungoja hadi asilimia 0.75. Ikifika 1/8 ya inchi umepitiliza kwa kila mfumo wenye kaseti. Kuna vipimo vidogo vya bati vinavyofanya kazi hii kwa sekunde chache. Ni vizuri, ila pima mahali kadhaa kwenye cheni, maana cheni hailiki sawa kote.

Kwa nini kuharakisha? Kwa sababu cheni iliyolika haifi peke yake. Inapanda juu zaidi kwenye meno na kuyachonga yafuate urefu wake mpya. Kwa muda vyote viwili vinaelewana katika ubovu wao, na mwenye baiskeli anaona hakuna shida. Kisha siku moja anaweka cheni mpya. Anakanyaga, cheni inaruka. Anadhani ameuziwa cheni mbovu, au anaanza kuchezea waya. Cheni ni nzima. Ni meno ya kaseti yaliyochongwa kufuata cheni ya zamani, na hayaikubali hii mpya. Dalili yake iko wazi: inaruka kwenye sproketi mbili au tatu tu, zile unazozitumia kila siku, na inaruka tu ukikanyaga kwa nguvu. Kwenye sproketi ambazo huzigusi mara kwa mara, inakaa kimya kabisa. Hapo hakuna marekebisho yatakayokusaidia. Badilisha kaseti, na utazame sproketi ya mbele nayo: kama meno yamekuwa na ncha kali zilizoinama upande mmoja, nayo imemaliza kazi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Aliyeionea huruma cheni moja anaishia kununua cheni, kaseti na sproketi kwa mkupuo.

Sisemi haya kwa ajili ya mfuko tu. Cheni inayoruka wakati umesimama juu ya pedali inakutupa mbele juu ya usukani, au goti linagonga shina la usukani. Anayejua cheni yake inaruka na bado anaendelea kupanda nayo vilima vikali ananitia wasiwasi kweli.

Kile kiungo kilichokakamaa nilichokitaja mwanzoni, kipateni hivi. Zungusha pedali kinyumenyume, polepole sana, macho yakiwa kwenye magurudumu mawili madogo ya direila. Kiungo kibovu hakinyooki kikitoka pale. Kinabaki kimepinda kama goti na direila inaruka kidogo. Kiwekee tone la mafuta, kamata cheni kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa kila upande wa pini hiyo, uikunje kidogo upande hadi upande. Mara nyingi kitalegea. Kiangalie kwa karibu kabla hujakiacha, kwa sababu viungo vya namna hii hutokea pale pini iliposukumwa vibaya wakati wa kuunga cheni. Ukiona bamba lina ufa, au pini imetoka upande mmoja kuliko jirani zake, usikilegeze. Kitoe.

Baada ya cheni ninaiweka hanga. Wengi hawajui jina lake, ingawa baiskeli nyingi za gia za kisasa zinayo: ni kile kipande kidogo cha alumini kilichofungwa kwenye fremu, nyuma upande wa kulia, ambacho direila inaning'inia. Kimetengenezwa laini kwa makusudi, ili ukianguka kipinde au kivunjike chenyewe na fremu ibaki salama. Kwa hiyo kinapinda kwa urahisi. Huhitaji ajali kubwa. Baiskeli iliyolalia upande wa kulia chini ya mizigo garini inatosha. Tawi linatosha.

Ugonjwa wa hanga iliyopinda una tabia yake. Ukirekebisha waya gia ndogo ziingie vizuri, kubwa zinakwaruza. Ukirekebisha kubwa, ndogo zinagoma. Mtu anaweza kupoteza mchana mzima akikimbizana na ugonjwa huu kwa bisibisi, na hataupata, kwa sababu direila haitembei tena sambamba na sproketi. Ukijikuta unazunguka hivyo, simama. Nenda nyuma ya baiskeli, chuchumaa macho yako yawe usawa wa kaseti, cheni ikiwa kwenye sproketi ya katikati. Yale magurudumu madogo mawili yanatakiwa yasimame kwenye mstari mmoja na sproketi. Ukiona la chini limeingia ndani kuelekea spoku, hanga imepinda.

Fundi ana kifaa cha kuinyoosha: fimbo inayofungwa kwenye tundu la hanga, ikizungushwa na kulinganishwa na rimu pande nne. Tofauti ikiwa chini ya milimita 4 hivi kati ya pande hizo, panatosha. Asiye na kifaa anaweza kutumia njia ambayo mafundi wa zamani wanaijua. Tundu la hanga kwa kawaida lina nyuzi za milimita 10 zenye hatua ya milimita 1, na mhimili wa gurudumu la nyuma la aina ya nati una nyuzi hizohizo. Vua direila, funga gurudumu la pili kwenye hanga kupitia mhimili wake, tazama kama magurudumu mawili yako sambamba. Gurudumu hilo ndilo kipimo, na hilohilo ndilo wenzo wa kunyooshea. Nyoosha taratibu. Alumini iliyokunjwa mara ya pili na ya tatu hupasuka, kwa hiyo hanga iliyokwisha kunyooshwa ichukulie kama ya muda na utafute mpya. Na beba ya akiba. Zamani karibu kila fremu ilikuwa na hanga ya umbo lake, na kuipata ilikuwa mateso. Mwaka 2019 SRAM, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, walitoa hanga ya aina moja ambayo watengenezaji wengi wa fremu wameipokea, na kwa hilo wanastahili shukrani.

Hapa kuna hatari ambayo sitaki mtu yeyote aisahau. Hanga iliyopinda kuelekea ndani inaisogeza direila karibu na spoku. Kwenye tambarare hutaona kitu. Utakapoingia gia ya kupandia, ile sproketi kubwa kuliko zote, direila inaweza kushikwa na spoku, ikazungushwa na gurudumu, ikang'oka, ikavunja spoku na wakati mwingine ikajeruhi fremu. Basi kila mara baiskeli ikiangukia kulia, hata kama imeanguka yenyewe ikiwa imesimamishwa, inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, ingiza gia hiyo ya mwisho polepole na utazame nafasi iliyobaki kabla hujakanyaga.

Waya nitausema kwa ufupi, kwa sababu ukielewa kanuni moja umeelewa yote. Kwenye direila nyingi za leo, waya unavuta cheni kupanda sproketi kubwa, na springi inairudisha kwenye ndogo. Kama cheni inasita kupanda, waya umelegea. Kazi ya kuukaza ni ya kile kikombe kidogo cha kuzungusha kwa vidole pale waya unapoingia, kwenye shifta, yaani kile kitufe cha kubadilishia gia kwenye usukani, au kwenye direila. Kukifungua kuelekea nje kunakaza waya. Kukifunga ndani kunalegeza. Robo zamu, jaribu. Robo nyingine, jaribu. Waya mpya hulegea kidogo mwanzoni wakati maganda yake, ile mirija unamopita, yanapojikalia sawa, na hilo si kasoro.

Kama cheni inapanda vizuri lakini inasita kushuka, wengi hulegeza waya, na mara nyingine hilo ndilo jibu. Lakini fikirini kwanza. Anayevuta kupanda ni kidole chako, chenye nguvu. Anayerudisha kushuka ni springi, yenye nguvu kidogo. Uchafu na kutu ndani ya ganda la waya humshinda mnyonge kwanza. Kwa hiyo baiskeli inayopanda gia bila shida na kushuka kwa kusitasita, hasa iliyopita kwenye tope na maji, inaomba waya na ganda jipya. Hiyo ni kazi ndogo inayorudisha uhai wa gia kuliko marekebisho yoyote ninayoyajua. Wenye direila za umeme mnaweza kupumzika kwenye suala la waya. Kwenye suala la hanga na cheni tuko pamoja.

Tumefika kwenye skrubu, na sasa mnaona zimefika mwisho. Mbili ni za mipaka. Moja, mara nyingi imeandikwa H, inazuia cheni isivuke sproketi ndogo kabisa na kuangukia kwenye fremu. Nyingine, L, inazuia isivuke sproketi kubwa na kuingia kwenye spoku. Hazina kazi yoyote kwenye gia za katikati. Ukisumbuliwa na gia ya tano au ya saba, hizi mbili hazihusiki kabisa. Ya tatu, inayoitwa B, inapanga umbali kati ya gurudumu dogo la juu la direila na kaseti. Kwenye kaseti pana za siku hizi umbali huo una maana kubwa, na kama baiskeli yako ina springi nyuma ya kumeza mishtuko, kwa mifumo mingi unapimwa mtu akiwa amekaa juu yake, kwa sababu fremu ikizama kila kitu kinasogea.

Cheni kuanguka mbele ni malalamiko mengine ninayoyasikia sana. Baiskeli nyingi za milimani sasa zina sproketi moja tu mbele, na kinachoishikilia cheni pale ni mambo mawili. La kwanza ni meno ya upana unaopishana, jino nene na jino jembamba, yanayolingana na nafasi pana na finyu za viungo. SRAM waliyaleta kwa baiskeli za milimani mwaka 2012 na mfumo wao wa XX1. La pili ni klachi ndani ya direila, ambayo Shimano, watengenezaji wengine wa vipuri, waliianzisha kwenye mfumo wao wa XTR mwaka mmoja kabla, inayozuia cheni isipigepige kwenye mawe. Cheni yako ikianza kuanguka, angalia kwanza kama klachi imezimwa. Zipo zenye kitufe cha kuizima wakati wa kuvua gurudumu, na husahaulika hivyo. Kisha yaangalie yale meno manene: yakilika hadi yafanane na membamba, hayashiki tena. Pia hakikisha cheni imefungwa jino nene likiwa kwenye nafasi pana. Halafu urefu. Cheni ndefu mno inaning'inia. Fupi mno inaweza kuvunja direila siku utakapoingia sproketi kubwa kabisa. Kwa mifumo mingi ya sproketi moja mbele unaizungusha cheni kwenye sproketi ya mbele na ile kubwa kabisa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direila, kisha unaongeza viungo kama maelekezo ya mtengenezaji yanavyosema. Kwenye fremu yenye springi nyuma, fanya hivyo upepo wa springi ukiwa umetolewa na fremu imezama hadi pale ambapo mhimili wa nyuma uko mbali zaidi na krenki. Watu wanairuka hatua hii, na cheni inakuja kukazika kama uzi wa gitaa kwenye tuta la kwanza la maana.

Kuna kasoro inayofanana na cheni kuruka lakini si cheni. Unakanyaga, pedali inaenda mbele bila upinzani wowote, kisha inashika kwa kishindo. Hiyo ni fri-wili: kucha ndogo zilizo ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, hazishiki, ama zimelika ama zimenaswa na grisi nzito. Usiendeshe. Mpelekee fundi, au ifungue mwenyewe uisafishe na kupaka mafuta mepesi yanayotakiwa na habu hiyo. Na ukiona ukiacha kukanyaga cheni inalegea juu na kuning'inia, habu hiyohiyo ni nzito kuzunguka na inaisukuma cheni mbele. Tatizo ni lilelile kutoka upande wa pili.

Kuhusu mafuta nina msimamo mkali, na mtanisamehe. Cheni nyingi ninazoziona hazina upungufu wa mafuta. Zina mafuta mengi mno, nje, mahali ambapo hayafanyi kazi yoyote zaidi ya kukamata mchanga. Mchanga ukichanganyika na mafuta unakuwa dawa ya kusagia chuma. Mafuta yanahitajika ndani, kati ya pini na rola, ile pipa ndogo inayozunguka juu ya pini. Futa cheni kwa kitambaa hadi kitambaa kisichafuke tena, weka tone moja juu ya kila rola upande wa ndani wa cheni, zungusha pedali taratibu, ngoja yaingie, kisha futa nje yote kama mtu anayetaka kuyaondoa. Usipake juu ya uchafu; utaupeleka ndani. Mafuta mepesi ya kupulizia ya kulegeza kutu yanasafisha, lakini yakibaki peke yake hayalindi cheni kwa safari ndefu. Na mashine ya maji ya nguvu iweke mbali na habu na beringi za krenki.

Nimalizie na kukatika njiani, kwa kuwa ndilo linalowatisha wengi. Mwaka 2015 huko Leogang, Austria, Aaron Gwin alikatikiwa cheni mara tu alipotoka langoni kwenye mashindano ya Kombe la Dunia ya kuteremka mlima, na akashinda. Alishinda bila cheni. Lakini yeye alikuwa anateremka. Sisi tunaotakiwa kupanda ili kurudi tunahitaji vitu viwili mfukoni: kifaa cha kusukuma pini, na kiungo cha kufungulika kinacholingana na idadi ya gia zako. Kiungo cha gia 9 hakifai kwenye cheni ya gia 12.

Cheni ikikatika, kwanza tafuta bamba lililopinda. Usiunge juu yake. Sukuma pini, toa kiungo kibovu hadi ncha zote mbili zibaki na viungo vya ndani, vyembamba. Pitisha cheni kwenye direila ukitazama isikose njia kati ya magurudumu madogo, jambo ambalo mtu aliyechoka hulikosea kwa urahisi sana. Ingiza nusu mbili za kiungo cha kufungulika, kisha zungusha krenki kinyume hadi kiungo kifike upande wa juu, kati ya kaseti na sproketi ya mbele. Shika breki ya nyuma kwa nguvu na ukanyage pedali mara moja. Utasikia kimejifunga. Kitazame kabla hujapanda: mabamba yake lazima yawe yamekaa sawa kabisa.

Cheni yako sasa ni fupi kuliko ilivyokuwa. Usiingie sproketi kubwa kabisa ya nyuma hadi umehakikisha inafika, la sivyo utavunja direila pia. Na kama ni direila iliyovunjika, unaweza kuitoa na kufupisha cheni iende moja kwa moja kwenye sproketi moja ya katikati, kwenye fremu isiyo na springi nyuma. Kwenye yenye springi cheni hiyo hukazika na kulegea kila fremu inapozama. Ukilazimika kufanya hivyo, funga springi kama ina kitufe cha kuifunga, kaa taratibu, na pale penye mawe shuka utembee.

Kuna baiskeli kwenye stendi pale nyuma, na kila moja ina kasoro moja tu kati ya hizi nilizozitaja. Mafundi wenzangu wamezipanga. Twendeni tukazisikilize, rula mkononi, na bisibisi zibaki kwenye boksi hadi mtu atuambie kwa hakika ni ipi. Ahsanteni sana.